Tahadhari kwa mafundi: nafasi za mafunzo ya roboti Japani zinazouzwa Sinza ni utapeli

Ndugu zangu mafundi wa umeme na wa mitambo, na hasa ninyi vijana mliomaliza stashahada na bado mnatafuta pa kushika, kuna ofisi moja Sinza, ghorofa ya kwanza juu ya duka la vifaa vya ujenzi, inayouza nafasi za kwenda Nagoya kwa mafunzo ya miezi sita ya ufundi wa roboti za viwandani. Nafasi hizo hazipo. Nimelipa shilingi 6,400,000 na fedha hiyo imekwenda. Jina la mama mwenye ofisi hiyo silitaji, kwa sababu jalada liko polisi na nimeshauriwa nisivuruge upelelezi, lakini waliokwishapanda ngazi zile watamtambua.

Najua yanayosemwa. Tangu habari ifike kwenye kundi letu la wahitimu nimesoma vicheko vya kutosha, na yupo aliyeandika kwamba wajinga ndio waliwao, kisha akaambatisha picha ya roboti inayocheka. Basi na asome kwanza nilichokiona kwa macho yangu, halafu aniambie yeye angetilia shaka wapi.

Kazi yangu ya ufundi kiwandani mnaijua. Mnajua pia ile mikono miwili ya roboti inayopanga makreti pale kiwandani, na jinsi tunavyokaa kuitazama tu inaposimama, zamu nzima imekunja mikono, mpaka mtaalamu atoke nje ya nchi, aje afungue boksi la umeme, abadilishe kitu ambacho ningeweza kukibadilisha mimi kama ningefundishwa, alipwe kwa dola na aondoke. Fedha ilitoka wapi sina haja ya kueleza hapa.

Nilipoingia ofisini nilimkuta mama wa makamo, amevaa kitenge kilichoshonwa vizuri, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akaninyanyulia kiti yeye mwenyewe. Mezani, pembeni ya kompyuta, palikuwa na mkono mdogo wa roboti wa rangi ya manjano, kimo chake kama cha chupa ya maji ya lita moja na nusu, wenye maungo sita. Alibonyeza kitufe, mkono ukageuka, ukashuka, ukaokota kizibo cha soda, ukakitua kwenye kisahani, ukarudi ulikoanzia. Akabonyeza tena, ukafanya vilevile bila kukosea. Mimi nikainama kutazama nyaya, kwa sababu ndiyo tabia yangu, nikaona kiungo cha pili kinatetemeka kidogo mkono unaponyooka na mzigo, nikamwambia kwamba mota ile imezidiwa. Akavua miwani, akanitazama, akasema: "Unaona, mwanangu? Wote wanaokuja hapa hupiga picha. Wewe umeona mota."

Nataka wanaocheka wapime sentensi hiyo. Mtu aliyefanya kazi miaka yote bila mkubwa yeyote kumwambia kwamba anaona kitu ambacho wenzake hawakioni, akaambiwa hivyo na mama wa umri wa mama yake, atakaa vizuri kwenye kiti na kusikiliza.

Nami nilisikiliza. Alinieleza kwamba Nagoya ndiyo mji mkuu wa mkoa wa Aichi, nyumbani kwa Toyota. Kwamba Kawasaki ndio waliotengeneza roboti ya kwanza ya viwandani nchini Japani, mwaka 1969. Kwamba Yaskawa wako Kitakyushu na FANUC wako Oshino, karibu na Mlima Fuji. Na kwamba kwa sheria za Japani fundi haruhusiwi kuifundisha roboti miondoko yake kabla hajapewa mafunzo maalumu ya usalama. Usiku ule nilikaa na simu nikahakiki jambo moja baada ya jingine, na yote nikayakuta ni ya kweli. Aliniambia hata kwamba ule mpango wa Japani wa mafunzo ya ufundi kwa wageni, ulioanza mwaka 1993, unaondolewa na nafasi yake inachukuliwa na mfumo mpya mwaka 2027, na kwamba kwa sababu hiyo vyuo vinaharakisha kujaza nafasi kabla mlango haujafungwa. Habari ya kuondolewa kwa mpango huo ni ya kweli pia, sheria yake ilipitishwa na Bunge la Japani mwaka 2024. Hilo la vyuo kuharakisha ndilo alilolitunga, akalibandika juu ya kweli, nami ningewezaje kuona pale ilipoishia kweli na ulipoanzia uongo? Tapeli wa kawaida hudanganya kila mahali, nawe ukichunguza kidogo unamkamata. Huyu alisema kweli tupu kuhusu roboti, akauweka uongo wake wote kwenye karatasi za uhamiaji, mahali ambapo fundi hana macho.

Kisha akaikataa fedha yangu. Nilikuwa tayari kulipa ada ya usajili siku ileile, akanirudishia mkono wangu mezani na kusema: "Usilipe leo, mwanangu. Nenda ukazungumze na wazee wako kwanza." Niambieni, ni tapeli gani anayekataa fedha?

Wiki iliyofuata akapiga simu. Kijana mmoja kutoka Mwanza alikuwa amekutwa na tatizo kwenye vipimo vya afya, nafasi yake ilikuwa wazi hadi jioni, na Nagoya wangefunga orodha siku hiyo. Nilipofika ofisini, saa kumi alasiri, aliniunganisha kwa simu ya video na mkufunzi, bwana mmoja wa Kiasia aliyevaa ovaroli ya kijivu, nyuma yake mashine imezungushiwa uzio wa usalama. Alinisalimu kwa kuinamisha kichwa. Aliniuliza kwa Kiingereza kama nimewahi kushika pendanti, kile kifaa cha mkononi cha kuiongozea roboti, na kama ninajua kwa nini swichi yake ya usalama ina hatua tatu. Nikamjibu kwamba ukiiachia roboti inasimama, ukiibana katikati inatembea, na ukiikaza kwa hofu inasimama tena, kwa sababu mtu aliyeshtuka huweza ama kuachia ama kukaza. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaniandika kwenye karatasi mbele yangu. Huo ulikuwa usaili wa haki kuliko wowote niliowahi kufanyiwa.

Yule mama akanisogezea lipa namba iliyochapwa kwenye kadi ya plastiki. Nilipoingiza kiasi, jina lililotokea lilikuwa la duka la vipodozi. Nikasita, kidole kikiwa juu ya namba ya siri. Hakuchelewa hata kidogo: akaunti ya kampuni ilikuwa kwenye ukaguzi wa hesabu za mwisho wa mwaka, ile ilikuwa ya binti yake, na risiti angeniandikia yeye kwa mkono wake na kuigonga muhuri. Akaandika, akagonga muhuri, akaniwekea mkono begani akisema Mungu akutangulie. Ujumbe wa muamala ukaingia. Nikamshukuru, na hilo ndilo linalonichoma hadi leo kuliko fedha yenyewe: nilimshukuru kwa kuinama.

Zilizofuata nazipita haraka. Nikaletewa cheti cha ustahiki, ile karatasi inayotangulia viza ya Japani, na nafasi ya ndege kupitia Doha. Karatasi nikaipeleka ubalozini, Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, nikaulizwa nimeipata wapi. Ndege nikaambiwa kwamba ilishikwa tu bila kulipiwa na ikafutwa yenyewe. Niliporudi Sinza mlango ulikuwa na kufuli mpya, na muuza saruji wa chini hakujua lolote, au alisema hivyo.

Mwanamke huyu hafai kukaa uraiani. Kosa la kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu kwa Kanuni ya Adhabu yetu lina kifungo kinachoweza kufika miaka saba, na mimi nasema miaka saba ni michache kwa mtu anayekaa kwenye kiti cha mama, akaitikia marahaba, akawaibia watoto wa watu huku akiwaombea dua. Afungwe, na mali zake zifilisiwe. Huyo binti mwenye duka la vipodozi naye asituambie kwamba hakujua fedha ilikuwa inaingia kutoka kwa nani. Na yule wa ovaroli, popote alipo, atafutwe kwa njia zilezile za mtandao alizotumia kunihoji. Wanaosema nisamehe ili moyo upumzike wanilipe wao hizo milioni sita, halafu nitapumzika.

Naulizwa dalili zilikuwa zipi. Zilikuwepo, nami nazitaja ili mwingine asizipite. Nagoya wako mbele yetu kwa saa sita, na nilipohojiwa saa kumi alasiri kule ilikuwa saa nne ya usiku, lakini dirishani nyuma ya mkufunzi jua lilikuwa linawaka. Cheti cha ustahiki, kama nilivyoelezwa na mwalimu wangu wa zamani aliyesoma huko, kilikuwa na tarehe ya enzi ya Heisei, maana Japani huhesabu miaka kwa enzi za wafalme wake, na enzi hiyo ilikoma tarehe 30 Aprili 2019 Mfalme Akihito alipong'atuka. Nyaraka za sasa zinahesabu miaka ya Reiwa, enzi iliyofuata. Kumbe mtu alichukua karatasi ya zamani ya mtu mwingine, akafuta jina, akapachika langu. Tena cheti hicho huombwa hukohuko Japani na taasisi inayokupokea, hutolewa na Idara ya Uhamiaji ya Japani, na hudumu miezi mitatu tu; hakuna ofisi ya Sinza inayoweza kukichapa. Posho ya yeni 120,000 kwa mwezi niliyoahidiwa nayo haikupatana na viza aliyosema tungeanza nayo, ya mgeni wa muda mfupi, ambayo haizidi siku 90 na hairuhusu kazi ya malipo. Kampuni yake ilikuwa na usajili wa BRELA, ndiyo, ulining'inizwa ukutani ndani ya fremu, lakini usajili wa biashara si leseni ya wakala wa ajira, na leseni hiyo hakuionyesha. Jina la chuo cha Nagoya pia halikuwa na ile namba ya tarakimu 13 ambayo kila kampuni ya Japani hupewa na mamlaka yao ya kodi na ambayo mtu yeyote anaweza kuitafuta mtandaoni.

Yapo mengine, lakini nikianza kuyaorodhesha narudi kwenye hasira.

Kwa wale ambao bado wanaitaka Japani, na mimi ni mmoja wao, njia zipo na hazipiti kwenye lipa namba ya vipodozi. Ufadhili wa serikali ya Japani kwa vyuo vya ufundi na vyuo vya mafunzo maalumu, kwa vijana waliomaliza sekondari, huombwa kupitia ubalozi wao bila ada. Anayechaguliwa hulipiwa masomo, nauli na posho, na huanza kwa kujifunza Kijapani. Mafunzo ya JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, hupitia serikali na taasisi unayoifanyia kazi, na kiti chake hakiuzwi. Upo pia mpango wa ABE, uliotokana na TICAD, mkutano wa Japani na Afrika, wa mwaka 2013, kwa wanaotaka shahada ya uzamili pamoja na mazoezi ndani ya kampuni za Japani. Viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza mwaka 2019, nayo hudai mtihani wa lugha na mtihani wa kazi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokamilika kwa simu ya alasiri moja.

Sasa ombi langu. Nimekwishapata RB, yaani namba ya taarifa yangu polisi, na nimeambiwa kwamba walalamikaji wakiwa wengi shauri linakuwa na uzito zaidi kuliko mmoja akisimama peke yake. Kila aliyelipa kwenye lipa namba ile asifute ujumbe wa muamala, asitupe risiti yenye muhuri hata kama ni ya usajili tu wa shilingi 150,000, na ahifadhi sauti na picha zote alizotumiwa. Anayepokea sasa hivi ujumbe wa kumwita kwenye usaili autume kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Walioko Mwanza na Arusha, ambako nasikia amekwishaanza kupiga simu, wafike kituo cha polisi kilicho karibu nao, wafungue malalamiko, kisha wanitumie namba ya RB nimkabidhi mpelelezi. Mimi nitakuwa kituoni Jumatatu saa tatu asubuhi, na yeyote mwenye risiti ya muhuri ule aje nayo pamoja na kitambulisho chake cha taifa.