Muda au ruzuku: daktari wa wodi Malindi asaidiweje kufanya utafiti?

Ruzuku ndogo hulipia madodoso, kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayoruhusu utafiti, na msaidizi wa kuingiza data. Haimpunguzii daktari zamu hata moja. Aliyekesha akilaza wagonjwa, kumekucha na mafaili yamerundikana mezani, ataandika saa ngapi?

Mimi naupigania muda: siku moja kwa wiki bila zamu wala simu za wodini. Ila lazima apatikane wa kushika nafasi yake, tena alipwe, la sivyo mzigo unamwangukia mwenzake. Siku hiyo akae na mtaalamu wa takwimu. Kilifi, kama kilomita 60 tu, kuna watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, mpango wa utafiti wa afya, tangu 1989. Ruzuku iombwe baadaye, swali likishaiva na kamati ya maadili ikishalipitisha.