Waliniuzia propela "mapacha" ambazo hata baba hawachangii

Niseme mapema nina hasira, anayetaka maneno ya upole apite. Na kama unaenda Mbeya mjini kununua propela za boti kwenye duka moja la spea ambalo silitaji maana sitaki kesi, kaa hapa kidogo kwanza.

Nina boti Matema, Ziwa Nyasa, injini mbili za hospawa 40 kila moja, zile za kuchanganya oili na petroli. Siku za kawaida napeleka watu na mizigo Ikombe, Jumamosi nawabeba mama zetu wa Kikisi na vyungu vyao kuja mnadani. Propela za zamani zilikuwa zimelika na mawe mpaka zimebaki kama meno ya babu, nikapanda Coaster mpaka mjini na karatasi ya fundi mkononi, imeandikwa mbili, zifanane, pitchi 11. Basi. Nimefika dukani nimesalimia vizuri, yule bosi akaipokea karatasi hata hakuisoma akaniuliza, "Mama, mwenye boti yuko wapi niongee naye?"

Mwe! Mwenye boti ndiye huyu amesimama hapa na kiroba chake.

Akaenda nyuma akarudi na propela mbili, nyeusi, mapanga matatu matatu, rangi bado inanukia, ukiziweka pamoja hujui ipi ni ipi. "Hizi mapacha, chukua." Natafuta namba sizioni, rangi imefunika, nikamuuliza namba iko wapi, akasema "kwani mama unanunua propela au unanunua gari?" na wateja wengine wakacheka. Nikaona aibu nikalipa. Hapo najilaumu mwenyewe nakubali, aibu ya dakika mbili imenigharimu zaidi ya zile laki. Njiani kurudi, pale Tukuyu mzee mmoja akachungulia kwenye kiroba akanipongeza eti tumeshavuta umeme, nimenunua panga boi. Hata sikumjibu, nilikuwa nimechoka na wanaume wa siku hiyo.

Jumamosi tukafunga tukapakia. Tumetoka Ikombe vizuri, nikafungua fulu, na hapo ndo mziki ukaanza, injini ya kulia inapiga kelele kama nguruwe kabanwa na geti, ya kushoto inaguna kama mtu mnene anapanda mlima Loleza, na boti lenyewe linavuta upande, kijana wa usukani anapigana nalo mikono miwili. Boti zima linatetemeka. Upepo wa kusini nao ukaingia, wimbi likatupiga ubavuni kabla hajalirudisha, na vyungu kumi na moja vikapasuka. Kumi na moja! Kama hujawahi kukaa kwenye boti moja na mama aliyefinyanga chungu kwa mikono yake akaona kinapasuka kwa ajili ya ujinga wa mtu wa mjini, basi usinipe pole, hujui.

Kufika ufukweni fundi akachukua sarafu ya mia mbili akakwangua rangi. Moja 11. Nyingine 14.

Kwa asiyejua, hiyo namba ndiyo pitchi, ni inchi ambazo propela ingesogea mbele ikizunguka mara moja kama maji yasingeteleza. Inchi moja tu inabadilisha injini kama mizunguko 150 mpaka 200 kwa dakika, sasa hapa ni inchi tatu, na zote mbili zimefungwa kwenye boti moja zinatakiwa kwenda mwendo mmoja, kwa hiyo tofauti inazidi hata hesabu hiyo. Fundi alikuwa na kale kakipimo ka mizunguko, kenye kiwaya kinachozungushwa kwenye waya wa plagi, tukarudi majini na mzigo uleule, yenye 11 ikasoma kama 5,700, yenye 14 kama 4,400, wakati injini hizi ukifungua mpaka mwisho inatakiwa icheze kati ya 4,500 na 5,500. Yaani moja inajikimbiza ife, nyingine inabebeshwa ife, na mimi nachangia petroli ya msiba wa zote mbili.

Nikampigia yule bosi. Unajua alisema nini? Eti injini mbili ndo utaalamu ulivyo, moja ya nguvu moja ya kasi, moja kulia moja kushoto. Huyu mtu amesikia jambo kwenye kijiwe akalichanganya lote. Kuzunguka kulia na kushoto kupo kweli, lakini ni injini kubwa, tena inatengenezwa hivyo kwenye gia huko chini, zangu zote zinazunguka kulia. Ukizifunga propela ya kushoto ukaweka gia ya mbele utarudi kinyumenyume mpaka kwenye mchanga wakikushangilia.

Nilikuwa nimeshaandika hapa kwamba duka zima ni la kulifunga, ila nimefuta. Kuna dogo wa stoo pale, alisikia simu, jioni akanitafuta kwa namba yake mwenyewe, akaniambia mama pole, propela zilichanganyika wakati wa kupaka rangi, nakutumia 11 kwa gari la kesho. Na kweli ikaja, namba anaipiga picha kwanza nione. Dogo ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, ungekuwa wewe ndo bosi ningekupa nyota zote.

Na tangu zifungwe 11 mbili, lo, boti limetulia kabisa. Na mzigo tunagusa kama 5,300, injini zinaimba sauti moja. Likiwa tupu zinapita kidogo hivyo kijana hafungui mpaka mwisho. Fundi mwingine wa Itungi anasema ningeweka 12 au 13 kwa sababu injini zikiwa mbili zinagawana mzigo, na hajakosea, wengi hupandisha namba hivyo. Lakini mimi nafikiria siku injini moja ikizimika katikati ya ziwa na watu ishirini ndani, ile iliyobaki iturudishe nyumbani peke yake, na ikiwa na namba kubwa itaguna tu pale pale. Labda siku moja nitajaribu 12. Labda.

Sasa nilikuwa nimepoa, kumbe juzi yule bosi kanitumia meseji, hakuna salamu, hakuna pole ya vyungu, "mama rudisha ile 14 haraka ni mali ya duka." Haraka! Iko jikoni kwangu juu ya gunia la mchele. Aje Matema aichukue mwenyewe, nauli yake, na aje na hela ya vyungu kumi na moja.