Kemist ya upande wa soko la zamani Malindi, presha wanapima na ukisimama

Wenye wazee wanaotumia dawa za Parkinson (ule ugonjwa wa neva wa kutetemeka na kukakamaa) hapa Malindi, nendeni hii kemist, bei imechangamka kidogo lakini kazi wanaijua. Babangu yuko kwa levodopa na kabidopa, juzi akaongezwa bromokriptini, basi akiamka tu kitandani kizunguzungu, mpaka ashike ukuta. Tulikokwenda kwanza walimpima ameketi, presha nzuri mzee, rudi nyumbani.

Huyu dada mfamasia aliuliza tu dawa ipi mpya. Akampima ameketi ikasoma 138/82, afu "haya baba, simama taratibu, usiongee", akangoja, dakika ya 3 mashine ikasema 110/68. Kumbe ikishuka 20 ile ya juu au 10 ya chini ndani ya dakika 3 hiyo si nzuri hata kama ukiketi iko sawa. Alivyotueleza, ukisimama damu inateremka miguuni, neva za simpathetiki, zile zinazojiendesha zenyewe, zinatoa kemikali iitwayo noradrenalini, mishipa inajibana presha inakaa, sasa bromokriptini inaigiza dopamini, ile kemikali inayopungua ubongoni kwa mwenye Parkinson, inashika vipokezi vyake kwenye ncha za neva zile zile, noradrenalini inatoka kidogo, mishipa inabaki imelegea. Na Parkinson yenyewe huzichosha hizo neva, yani mzee kapigwa pande mbili.

Mdogo wangu naye akadakia, mbona muguka pia ni mambo ya dopamini na yeye akitafuna moyo unamwenda mbio? (Huyo hata Kilifi walivyoipiga marufuku 2024 shavu limejaa tu.) Akajibiwa kathinoni, kile kichangamshi kilicho ndani ya muguka, inasukuma dopamini na noradrenalini zote zitoke kwa wingi, na hiyo noradrenalini ndio inabana mishipa na kupandisha presha, bromokriptini haisukumi kitu, inaigiza dopamini tu. Akanyamaza, ila sidhani kaacha.

Kilichonifurahisha zaidi dozi hakuigusa, wala hakutuambia tuache dawa, alituandikia vipimo vyote viwili kwa karatasi tumpelekee dakta, na dakta alipoviona akapunguza bromokriptini. Kwengine wangeshatuuzia tembe tusizozihitaji.

Ubaya wao jioni foleni ni balaa na kiti cha wagonjwa ni kimoja, Ijumaa adhuhuri wanafunga. Pigeni simu kabla ya kupanda tuktuk, levodopa ikiisha huagizwa Mombasa na mtangoja.