ufw status numbered: inasomeka vizuri, ila haisemi yote
Seva ninazozitunza ni za Ubuntu (aina ya Linux), kwa hiyo ufw, programu ya kusimamia ukuta wa moto unaochuja nani aingie kwenye seva, ni ya kila siku kwangu. Ipo ndani ya Ubuntu tangu toleo la 8.04 la mwaka 2008, na kwa kuorodhesha kanuni za ukuta wa moto naipa nyota nne kati ya tano.

Unaandika sudo ufw status numbered, basi. Unapata namba kwenye mabano, poti (namba ya mlango wa huduma), ALLOW (ruhusu) au DENY (kataa), na anwani inakotoka. Kama uliweka comment (maelezo mafupi) ulipoandika kanuni, nayo inatokea mwishoni mwa mstari. Kwangu 5432/tcp kutoka 10.0.0.12 ina “# mhasibu” pembeni, na atakayeshika zamu hana haja ya kunipigia simu usiku.

Sasa jaribu iptables -L, amri ya chini zaidi inayoorodhesha kanuni zenyewe za Linux. Ukiacha -n, inaanza kutafuta jina la kila anwani kwenye DNS (daftari la majina ya mtandao), na mtandao ukisuasua utamaliza chai inahangaika tu. Ukiacha -v ndiyo balaa: kanuni ya lo (njia ya ndani ya seva yenyewe) inatokea “ACCEPT all anywhere anywhere”, utadhani seva iko wazi kwa dunia nzima. Kumbe ni seva inajisemesha yenyewe, ila jina la lo limefichwa. Vijana wa fildi huhaha sana wakiuona mstari huo.

Ufw nayo ina vituko vyake. Futa kanuni ya 3, iliyokuwa ya 4 inakuwa 3 papo hapo, kwa hiyo futa ukianzia chini. Ikiwa imezimwa inajibu “Status: inactive” na kunyamaza; kanuni zako utazikuta kwa ufw show added.

Nyota ya tano nimeinyima kwa sababu ya Docker, programu ya kuendesha huduma ndani ya makontena yaliyotengwa. Ukifungua kontena kwa -p 8080:80 (poti 8080 ya seva iende 80 ya kontena), Docker inaandika kanuni zake yenyewe kwenye iptables, na pakiti zinapita FORWARD (njia ya zinazopitishwa kwenda kwingine), wakati kanuni za kawaida za ufw zinalinda INPUT (njia ya zinazoishia kwenye seva yenyewe). Kwenye orodha ya ufw hiyo 8080 huioni kabisa, na watu wanaingia. Hapo ndipo iptables inapolipa: sudo iptables -t nat -L DOCKER -n -v inakuonyesha DNAT (kanuni inayogeuza anwani ili pakiti ziende kwenye kontena), na safu ya pkts (idadi ya pakiti) inakwambia kama kuna aliyekwisha kupiga hodi. Kama mbele umeweka nginx (seva ya wavuti inayopokea wageni na kuwapeleka kwenye kontena), fungua kontena kwa -p 127.0.0.1:8080:80, poti ibaki ndani ya seva.