Kupunguza wanga nikiwa Mtwara: uzoefu wangu wa grupu la kulipia

Wateja wangu wakisimama kupimwa kiuno siku hizi wananigeuzia swali: fundi, wewe umefanyaje ukapungua? Kueleza kila siku kunachosha, kwa hiyo naandika yote hapa, pamoja na yale ambayo dukani siyasemi.

Nilijiunga na grupu la WhatsApp la kulipia. Ada ni Sh 30,000 kwa mwezi, unatuma kwa simu, unaingizwa pamoja na watu wa mikoa mbalimbali. Mshauri wa lishe anayeliendesha yuko Dar. Unapata ratiba ya chakula kila Jumapili usiku, somo la sauti kila Jumatano, na Jumamosi asubuhi kila mtu anatuma picha ya mzani wake. Jina lake silitaji, maana nina sifa za kumpa na nina malalamiko, na sitaki kesi na mtu.

Mimi ni fundi cherehani, niko Chikongola, Mtwara mjini. Kazi ya kukaa kutwa nzima. Daktari aliniambia sukari imeanza kunyanyuka, bado haijafika pa kuandikiwa dawa, ila nipunguze uzito na nipunguze wanga. Sasa kumwambia mtu wa huku apunguze wanga ni kumwambia apunguze chakula chenyewe. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na chai, mchana ugali wa muhogo, usiku wali wa nazi, na katikati kuna vitumbua na zile ming'oko (viazi vya porini) za kuchemsha zinazopitishwa mlangoni. Vitoe hivyo, mezani kinabaki kitoweo na kijiko. Halafu kuna utani. Tangu Profesa Janabi, yule daktari wa moyo, azoee kuwaambia Watanzania wapunguze sukari na wasile ovyo, ukikataa andazi tu unaitwa mwanafunzi wa Janabi, na kijiwe kizima kinacheka.

Ratiba ya kwanza ilinichekesha kisha ikaniudhi. Jumatatu wali wa koliflawa. Jumanne mkate wa unga wa lozi. Alhamisi jibini na stroberi. Nikaenda sokoni kuulizia koliflawa, mama mmoja muuza mchicha akaniuliza hiyo ni dawa ya nini. Kutoka Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 550, na mboga ikisafiri kutwa kwenye buti la basi inafika imelegea na bei imechangamka. Nikauliza grupuni, nikajibiwa "tumia mbadala". Mbadala upi? Kimya. Mimi nilidhani hela niliyolipa ndiyo ya kutafutiwa mbadala. Baadaye nilimtumia mshauri orodha nzima ya vyakula vya Kusini visivyo na wanga mwingi: kisamvu, bamia, mlenda, nyanya chungu, biringanya, kabichi ya kukatakata ikakaangwa kama wali, pweza, ngisi, samaki wa kila aina. Akashukuru vizuri sana. Jumapili iliyofuata koliflawa ikarudi vilevile.

Masomo ya Jumatano ndiyo yaliyostahili hela. Yule mshauri anajua kueleza. Lengo alilotupa ni kutovuka gramu 50 za wanga kwa siku, na akatufundisha kuhesabu. Muhogo mbichi una kama gramu 38 za wanga katika kila gramu 100. Kipande kimoja cha kawaida cha asubuhi kinaweza kumaliza hesabu ya siku nzima kabla hujafungua duka. Wali uliopikwa una kama gramu 28 kwa gramu 100, na nani anakula wali gramu 100? Hiyo ni ya kuonjea chumvi.

Alitueleza pia habari ya wiki ya kwanza, na hapo aliwaokoa wengi. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia takriban gramu 3 za maji. Ukikata wanga, akiba inatumika na maji yake yanatoka. Ndiyo maana mzani unashuka kwa kasi siku za mwanzo, watu wanashangilia, kisha unagoma na watu wanakata tamaa. Kile kilichoshuka kwa kasi sehemu kubwa kilikuwa maji. Maji hayo yanaondoka na chumvi, kwa hiyo kichwa kinauma, miguu mizito, kizunguzungu. Dawa yake ni maji ya kutosha na supu yenye chumvi, ila wenye presha alitaka kwanza waongee na daktari. Kwa kuwa tulijua mapema, mzani ulipogoma hatukuhisi tumerogwa.

Lakini kujua ni jambo moja, na saa kumi jioni harufu ya vitumbua inapoingia dukani ni jambo jingine. Hapo ndipo grupu kubwa lilipoonyesha udhaifu wake. Lina watu mia mbili na zaidi. Aliyepungua anatuma picha ya mzani, anamiminiwa makofi na mioyo. Aliyekula chapati anakaa kimya. Wiki mbili anakaa kimya, halafu unaona tu maandishi kwamba namba fulani imetoka. Hakuna anayemuuliza, kwa sababu hakuna anayemjua.

Kilichonishika mimi kilianza kwa picha ya sahani. Kibua wa kuchoma, kisamvu cha nazi, pilipili moja nzima, basi. Nikaitambua sahani kabla ya samaki: ile bati nyeupe yenye maua mekundu inayouzwa hapa sokoni, na pembeni imebanduka rangi kama zetu zote. Nikamwandikia pembeni, shikamoo mama, uko Mtwara? Akajibu kwa sauti, injini inanguruma nyuma yake: "Marahaba mwanangu, niko kwenye kivuko natoka Msangamkuu, nakuja Feri kuuza samaki. Na wewe umo humo kwenye mateso?"

Haikuchukua muda tukapatikana wengine. Nesi mmoja, dereva wa bajaji, mwalimu mstaafu wa Mikindani, mama lishe aliyeacha kula alichopika, na dada mmoja wa benki. Tukafungua grupu letu dogo. Kanuni iliyowekwa na mama wa Msangamkuu ni moja: sahani inapigwa picha kabla ya kula, si baada. Na anazikagua kweli. Siku moja nimetuma samaki wa mchuzi, nimejiona bingwa, akanipigia: "Mwanangu, huo mchuzi umenenepa. Umetia unga?" Nilikuwa nimetia unga wa ngano kijiko kimoja cha kuuzitisha. Mtu wa Dar mwenye wateja mia mbili hawezi kuuona unga kwenye mchuzi wangu.

Mjadala mkali kuliko yote ulikuwa wa korosho. Huku korosho haihesabiwi kuwa chakula, ni kitu cha kushika mkononi wakati wa maongezi. Orodha ya Dar iliandika kwamba karanga na korosho ni ruksa, nukta. Mwalimu wetu ana mikorosho yake upande wa Naliendele, anazibangua na kuzikaanga nyumbani, na uzito wake ulikuwa umegoma kabisa ilhali picha zake za sahani ni safi. Nesi akamwomba apige picha ya meza wakati anasikiliza taarifa ya habari. Bakuli hilo hapo. Katika gramu 100 za korosho kuna kama gramu 30 za wanga, karibu mara mbili ya karanga. Mafuta yake nayo ni kama gramu 44, kwa hiyo ukila bakuli umekula mlo mzima bila kukaa mezani. Mwalimu alinuna. "Sasa mnataka mtu wa Kusini aache korosho? Niwaambie nini wajukuu?" Hakuna aliyetaka aache. Tulikubaliana kiganja kimoja, zitolewe kabla ya kukaa, na bakuli libaki jikoni. Alikubali kwa shingo upande, na mzani ukaanza kusogea. Msimu ulipofika, Oktoba, ilibidi tukumbushane upya.

Shughuli ndizo zinazoua dayati huku, wala si njaa. Harusini chakula ni sinia, mnakaa wanne, kila mtu anakula mbele yake na nyama iko katikati. Sasa wewe uliyeacha wali utakula nini? Ukila nyama tu unaonekana mroho, watu watakusimulia mpaka arobaini ya mtu mwingine. Ukiacha kabisa umemdharau mwenye shughuli. Kwenye ratiba ya Dar hakuna neno kuhusu sinia. Kwetu lilijadiliwa jioni nzima, na yaliyotufaa ni haya: kula mayai mawili nyumbani kabla ya kwenda, matonge yawe madogo, vuta kachumbari upande wako, na uongee sana. Mwongeaji hakuna anayemhesabia matonge. Kuna harusi ya Mikindani tulijichanganya tukakaa sinia moja wanagrupu watupu. Nyama iliisha, wali ukarudi jikoni kama ulivyokuja, na mpishi akatoka na upawa mkononi kuuliza kama umeungua.

Ramadhani nayo ina mambo yake. Futari yetu ni muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi, tambi, na uji wa kushushia. Wanga juu ya wanga. Grupu kubwa lilitoa tangazo la kuwatakia mfungo mwema, likaendelea na ratiba ya kifungua kinywa cha saa mbili asubuhi. Kwetu tulifuturu kwa tende moja, maji, supu ya pweza au ya samaki, kisha mboga na kitoweo, na kipande kimoja kidogo cha chochote kilichopikwa nyumbani ili mama mkwe asione umemsusia. Sikupungua mwezi ule. Sikuongezeka pia, na kwa Ramadhani ya pwani huo ni ushindi.

Sasa lalamiko langu kubwa. Fomu ya kujiunga iliuliza urefu, uzito, na kama nimeshalipa. Haikuuliza kama mtu anatumia dawa. Yule mama lishe wetu ana kisukari na alikuwa akimeza glibenklamidi. Dawa hiyo inalisukuma kongosho litoe insulini hata kama hujala wanga, kwa hiyo ukikata ugali ghafla huku dozi iko palepale, sukari inaweza kushuka mpaka pabaya. Anayechoma insulini yuko kwenye hatari hiyohiyo. Nesi alipoona jina la dawa alimwambia asiguse ratiba mpaka aonane na daktari. Akaenda hospitali ya Ligula, akapimwa, dozi ikapunguzwa, ndipo akaendelea. Huduma inayochukua hela za watu kuwabadilishia chakula haiwezi kuliacha swali hilo. Nilimwandikia mshauri. Baadaye nikaona swali limeongezwa kwenye fomu, na kwa hilo namshukuru. Mjamzito, anayenyonyesha na mwenye matatizo ya figo nao waanze kwa daktari, wasianze kwa grupu.

Je, kupunguza wanga kunashinda njia nyingine? Mshauri anapenda kusema hivyo. Nesi alitusomea utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, uliotoka 2018. Watu 609, nusu wakapunguza wanga, nusu wakapunguza mafuta, mwaka mzima. Waliopunguza wanga walipungua wastani wa kilo 6, wale wa mafuta kilo 5.3, tofauti ambayo watafiti wenyewe hawakuihesabu kuwa kitu. Kilichonivutia mimi ni jambo lililotajwa kwa kupita: pande zote mbili ziliitwa kwenye vikao 22 vya makundi madogo katika mwaka huo. Nikacheka. Kumbe nao walikuwa na mama wao wa Msangamkuu.

Kwa upande wangu nimepungua kilo kama tisa, magauni nimeyabana mwenyewe bila kumlipa fundi, na daktari aliridhika na kipimo cha sukari. Muhogo sijauacha kabisa. Nakula Ijumaa, kipande kimoja, na naupiga picha.

Nikitoa nyota, grupu la kulipia nalipatia tatu kati ya tano, zote kwa masomo ya Jumatano. Ushauri wangu: lipa mwezi mmoja, sikiliza masomo yote na uyahifadhi, na humohumo tafuta watu wa mji wako. Ukiwa Lindi utawapata, nimeona namba kadhaa za huko, na vyakula vyao ni vyetu hivihivi. Watu watano au sita wanatosha, na mmoja awe mkali. Sisi grupu letu halina ada. Jumapili alfajiri tunatembea ufukweni Shangani, kisha tunapima uzito kwenye mzani mmoja wa nesi, kwa sababu mizani ya nyumbani inadanganya kila mmoja kwa namna yake.

Ukiamua kulipia, angalia mambo mawili. Ada hairudishwi hata ukijitoa siku ya tatu. Na usilipe miezi mitatu kwa mkupuo kwa sababu ya punguzo. Dada wa benki alilipa hivyo, na masomo ya mwezi wa tatu yalikuwa marudio ya mwezi wa kwanza.