Maonyesho ya vinyago ukumbi wa chuo, Mtwara: nenda Jumamosi

Maonyesho haya ya vinyago vya Kimakonde yako kwenye ukumbi wa chuo kimoja hapa Mtwara mjini. Kiingilio bure, unaandika jina kwenye daftari mlangoni, basi. Nayapa nyota tatu na nusu, na nyingi kati ya hizo ni za ratiba ya matukio yaliyobaki, siyo za ukumbi.

Jumamosi mafundi wanachonga hadharani uani. Wahi asubuhi, maana hapo ndipo pa kujifunzia: gogo la mpingo linapigwa shoka, kisha tezo inaondoa mti mweupe wa nje mpaka kiini cheusi kitokee. Hawachori kwanza, ufa au kifundo kinaweza kugeuza mkono kuwa mguu. Mchana wanahamia kwenye tupa na msasa, wanaanza na msasa mkali namba 80 hadi ule laini namba 400, ndipo nta. Saa hizo utaona vumbi tu, na vumbi la mpingo huwasha pua na ngozi, kwa hiyo mwenye pumu akae upande upepo unakotokea.

Ndani, vinyago vya ujamaa, yaani watu waliopandana kwenye gogo moja, vimewekwa katikati na unavizunguka bila shida. Vile vya shetani, yaani viumbe wa ajabu wa ulimwengu wa roho, mtindo ulioanzishwa na mchongaji Samaki Likankoa miaka ya 1950, vimebanwa ukutani. Kazi iliyotobolewa namna ile ukiitazama upande mmoja umekosa nusu yake.

Lakini kasoro kubwa iko chumba cha mapiko, yaani vinyago vya kuvaa kichwani wakati wa ngoma (kimoja ni lipiko). Taa za moto zimefungwa karibu mno. Chale za usoni kwenye mapiko mengi ni vipande vya nta ya nyuki vilivyobandikwa, na nywele ni za binadamu. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, ila hulegea mapema zaidi, na kuna lipiko moja ambalo chale za shavuni zimeshaanza kuteleza. Nywele nazo hupaushwa na mwanga. Makumbusho mengi hayazidishi luksi 50 (luksi ni kipimo cha mwanga) kwa vitu vya aina hii. Taa za LED zikisogezwa nyuma zingemaliza tatizo. Kuna na kiyoyozi: kinawashwa asubuhi, kinazimwa jioni. Mchana hewa inakauka, usiku unyevu wa bahari unarudi, mti unasinyaa na kuvimba, na ufa unaanzia kwenye kitako palipokatwa nyuzi za mti. Heri madirisha yakae wazi usiku na mchana.

Tena mapiko yote yametundikwa wima. Mchezaji hulivaa likiwa limelala nyuma kidogo, naye anaona kupitia mdomo wake. Ukitaka kuona alichokusudia mchongaji, chuchumaa utazame kwa chini. Watakushangaa, waache.

Mhadhara wa Alhamisi jioni ni wa lipiko lililoibwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, mwaka 1984, likaishia jumba la makumbusho la Barbier-Mueller huko Geneva, Uswisi, na kurejeshwa mwaka 2010. Mwenye kinyago cha ukoo nyumbani asikose. Kabla ya kwenda, kipige picha pande zote pamoja na kitako, andika urefu, uzito na kila alama au ufa. Kitu kisicho na kumbukumbu kikipotea ni vigumu kukidai.

Ngoma ya mapiko inafunga ratiba. Usimfuate mchezaji na simu anakovalia, maana sura yake haitakiwi kujulikana. Bajaji huadimika usiku, elewana na dereva mapema.

Mezani pa mauzo, nje, mpingo umechanganywa na mti mwepesi uliopakwa kiwi nyeusi ya viatu. Nyanyua: mpingo ni mzito kiasi cha kuzama majini. Geuza kitako, sugua kwa leso yenye maji. Leso ikitoka nyeusi sana, rudisha. Kama muuzaji anaruhusu, kwaruza kidogo kwa ncha ya kisu: mpingo unabaki na giza ndani, ule wa kupaka unaonyesha weupe. Ukanda mwembamba wa mti mweupe pembeni siyo dosari, mara nyingi fundi ameuacha makusudi.

Ukifika nacho nyumbani usikipake mafuta ya kupikia, yatanata na kukusanya vumbi. Kitambaa chenye nta kidogo kinatosha, na kisikae juani wala mbele ya feni.