TAHADHARI: Hawa "mawakala" wa kuuza picha ng'ambo wanatula

Ndugu zangu wapiga picha wa Mombasa, hasa nyinyi vijana mnaoshinda Mama Ngina na Fort Jesus mkiwapiga watalii picha, kuna watu wanapita kwenye magrupu ya WhatsApp wakidai watakuuzia picha zako kwa kampuni za nje. Mimi wamenila shilingi 9,300, na pesa siyo iliyoniuma zaidi.

Ilianza kwa sifa. Mtu aliona picha zangu za majahazi ya Bandari ya Kale, akanitumia meseji ya heshima, "kaka" huku "kaka" kule, akasema Ulaya wanazitafuta sana picha za pwani yetu. Ada ya usajili 2,500. Nikalipa kwa M-Pesa, nikamtumia picha 140 za ukubwa kamili, bila jina langu juu yake, kama alivyotaka. Nikafunguliwa akaunti kwenye tovuti yao. Kila asubuhi nikiingia, dola zimepanda. Wiki ya tatu zilifika 412, na nyumbani tushaanza kuzipangia matumizi. Nilipoomba kuzitoa nikaambiwa nilipe kodi kwanza, 6,800. Nikalipa. Ikaja "ada ya benki". Hapo nikakataa, na kesho yake akaunti ikafungwa, simu haipatikani.

Lililoniuma ni fomu waliyonitumia. Niliitia sahihi bila kuisoma hadi mwisho, na ndani mlikuwa na mstari unaosema nimehamisha hakimiliki yote ya picha hizo. Kwa sheria ya Kenya picha ni yako tangu ulipoipiga, hata kama hujaisajili popote. Lakini hakimiliki huhamishwa kwa maandishi yenye sahihi, na hiyo ndiyo karatasi waliyoitaka kwangu. Kutoa leseni ni kama kupangisha nyumba: mpangaji anakaa, nyumba yako. Kuhamisha hakimiliki ni kumkabidhi mtu hati. Someni neno hilo vizuri kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Baadaye nikaipitisha picha moja, jahazi likitweka tanga alfajiri, kwenye Google Lens, inayotafuta picha ilipo mtandaoni, nikaikuta inauzwa kwenye tovuti moja kwa jina la mtu nisiyemjua. Alhamdulillahi faili za RAW, zile ghafi zinazotoka moja kwa moja kwenye kamera, sikuwapa. Nimeiandikia tovuti hiyo nikaambatanisha RAW na picha zilizotangulia na kufuata dakika ileile, wakaiondoa. Nyingine bado nazitafuta moja moja.

Biashara yenyewe ni ya kweli, msiiache. Adobe Stock na Shutterstock, tovuti zinazouza picha za wapiga picha, kujiunga ni bure. Wao hukata chao picha ikishauzwa: Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33, na Shutterstock tangu 2020 inalipa kuanzia asilimia 15 hadi 40 kulingana na mauzo yako ya mwaka, na kila Januari unarudi chini kabisa. Ni senti, tena zinakuja polepole. Anayekuonyesha dola 412 kwa wiki tatu kwa picha 140 anakudanganya. Kodi nayo hukatwa humohumo kwenye mapato. Kenya haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo kwenye mauzo ya Marekani hukatwa asilimia 30. Hakuna anayekupigia simu utume kodi kwa M-Pesa.

Na jambo hili lingenifungua macho mapema: yule mtu hakuniuliza hata mara moja kibali cha nahodha ambaye uso wake unaonekana wazi. Wauzaji wa kweli, picha ikiwa ya kutumika kwenye matangazo, hutaka kibali kilichotiwa sahihi na kila anayetambulika. Bila hicho wanaikataa, au wanaiweka kwa matumizi ya habari tu. Asiyejali kibali hana mnunuzi.

Kama umeshalipa, usifute mazungumzo wala meseji za M-Pesa. Nenda kituoni uandikishe, uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Mimi ninayo yangu, na wenzangu wawili, mmoja wa Likoni na mmoja wa Kisauni, wametumiwa fomu ileile neno kwa neno. Kama nawe unayo, niandikie inbox tuziweke pamoja, tuzipeleke kwa mpelelezi mmoja.